Zahanati Yetu Itafunguliwa Lini?

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Mwanaheri alimfunga mwanawe mgongoni. Mtaa wao uko pembezoni mwa Kinyerezi. Alipita mbele ya zahanati mpya. Ilikuwa nyeupe, imetulia, imefungwa kwa kufuli. Majani yalishafika dirishani.

Kila akipita hapo aliwaza siku itakapofunguliwa. Aliwaona kina mama wamekaa barazani, wakicheka na watoto wao. Mara mtoto akakohoa. Mwanaheri akazinduka, akaendelea na safari ya mbali ya hospitali.

Siku hiyo mtoto alifika amelegea, hata kulia hawezi.

"Mama, ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine," nesi alimwambia.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Kokuberwa, mjumbe wa kamati ya mtaa.

"Shikamoo, dada Koku."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Afadhali. Lakini ile zahanati, wakubwa watatufungulia lini?"

"Umeshawauliza?"

"Mie? Nani atanisikiliza mie?"

Kokuberwa alitabasamu. "Diwani si bosi wetu. Tumemchagua atusemee kwenye baraza la madiwani, kisha arudi atupe majibu. Na mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote. Jumamosi atakuwepo. Njoo uulize, na umuombe aseme lini atajibu."

Jumamosi, Mwanaheri aliona kama anaelea. Sauti za watu zilimjia kutoka mbali. Alishtukia tu amesimama.

"Mheshimiwa, zahanati yetu imefungwa kwa nini?"

"Mchakato unaendelea, mama."

"Mchakato upi? Na utaturudishia jibu lini?"

Diwani akavua miwani. "Kusema kweli, sijui. Mkutano ujao nitakuja na jibu."

Na kweli alikuja nalo. Maji hayakuwa yameunganishwa, wala wahudumu hawakuwa wamepangwa. Wakazi wakamchagua Mwanaheri na wenzake wawili wafuatilie pamoja na diwani. Walikwenda halmashauri, wakazungushwa, wakarudi tena. Mvua za vuli zilipoanza, mlango ulifunguliwa. Mtoto wa Mwanaheri alichanjwa humo humo.

Mkutano uliofuata, Mwanaheri alikaa nyuma, mtoto amelala mapajani. Upepo ulikuwa mwanana, naye usingizi ulianza kumchukua.

"Nani ana swali?" diwani aliuliza.

Mwanaheri akafumbua macho. Mikono ilikuwa imejaa hewani. Na Faraji, mumewe, aliyezoea kusema mikutano ni ya wasio na kazi, alikuwa ameshasimama.

"Naanza mie," alisema.