Nikishabarikiwa

Soko lilikuwa limefurika asubuhi ile, mkokoteni uliobeba friji ulipolinasa gauni jekundu la fundi cherehani na kulichana hadi gotini.

"Samahani, dada. Nitakushonea."

"Fundi friji wewe, utashona kwa bisibisi?"

Kidoti, bintiye aliyekuwa mgongoni, akacheka kwa kuwa mama kacheka. Fundi friji akawatazama wote wawili, na moyo wake haukurudi nyumbani siku hiyo.

Mapenzi yakakolea kwa simu za mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la vitambaa."

"Basi naja na maji."

Akifika, Kidoti ndiye humdandia kwanza. Baba mzazi wa mtoto aliondoka kabla hajazaliwa. Ndiyo maana kila Jumapili watoto walipoitwa mbele kuwekewa mkono wa baraka, fundi cherehani alibaki kitini na wake. Aliona kama baraka ni za watoto wenye baba wa kusimama nao.

Alasiri moja, Kidoti akiwa amelala kifuani pa fundi friji, mama mtu akauliza kwa upole, "Kwetu utakuja lini?"

"Mungu akishanibariki, mpenzi. Nipate duka, nipate nyumba ya maana. Sasa hivi nije na nini? Sina baraka hata moja mikononi."

Fundi cherehani akaitazama ile mikono, na mwanawe aliyelala humo. Akamchukua taratibu, akaingia ndani. Simu iliita jioni, ikaita na kesho yake. Haikupokelewa.

Fundi friji akaenda kumlalamikia mama yake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni.

"Nimekosa nini, mama? Mimi nangoja baraka tu."

"Mchungaji alipokubariki ulikuwa huna hata jino. Duka ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa mtoto."

"Tena umenikojolea. Akakubariki hivyo hivyo. Baraka, mwanangu, ni Mungu kukuambia yuko nawe. Maduka yaje, yasije, neno lake liko palepale." Akapuliza pumba. "Na uliposema huna kitu mikononi, ulikuwa umebeba nini?"

Fundi friji akaitazama mikono yake mitupu.

Jumapili watoto walipoitwa, fundi cherehani alijikunyata kitini kama kawaida, ndani ya gauni lake jekundu lenye mshono mpya. Mtu akasimama kando yake, shati jeupe limepigwa pasi mbele tu, nyuma makunyanzi matupu.

"Twende mbele," akanong'ona. "Sote watatu."

"Si huna baraka wewe?"

"Nilikuwa nimeikumbatia, nikasema sina. Nisamehe, mama Kidoti."

"Watu watatuangalia."

"Wacha waangalie. Hata mimi naogopa."

Wakaenda, wakapiga magoti. Mchungaji akamwekea Kidoti mkono kichwani, akamtamkia baraka polepole, bila kuuliza baba yuko wapi. Fundi cherehani akainama, machozi yakadondokea gauni. Kidoti akamwangalia mchungaji, akajifunza. Akaunyanyua mkono wake uliojaa biskuti iliyolowa, akamwekea fundi friji kichwani, akampigapiga.

Kicheko cha chini kikapita kanisa zima, nao akina mama wakacheka.

"Basi nishabarikiwa," fundi friji akanong'ona. "Kwenu nije lini kukuposa?"

Fundi cherehani akajaribu kununa, akashindwa.

"Kesho. Ila ujifute hiyo biskuti kichwani. Mama yangu ataanza na hiyo."