Mjomba Habteab na Baraka Iliyoachwa Mezani

"Filmon, ukivuka hilo geti sitakusamehe."

Luwam alikuwa barabarani, kashikilia baiskeli. Filmon alikuwa ndani ya ua wa kanisa, koti keshavaa. Waumini wa mji ule mdogo wa Ujerumani walikuwa wamempa hifadhi humo, asirudishwe nchi ya Ulaya aliyoingilia kwanza na kuchukuliwa alama za vidole, ambako alilala nje na kupigwa na walinzi wa kambi. Ndani ya ua polisi hawamgusi. Akitoka tu, wanampandisha ndege.

"Kwa hiyo nikae tu, mjomba wako akuoze mwingine?"

"Hajasema ataniozesha mwingine. Amesema wewe ndiye hunitaki."

Mambo yaliharibika Jumapili. Kwao Eritrea mwanamume hajiposei, hutuma wazee. Filmon huku hana ndugu, akawatuma mchungaji wake aitwaye mama Heike pamoja na wazee wawili wa kwaya. Walifika saa ileile waliyoahidi, mjomba Habteab bado anatafuta viatu. Wakaposa, wakanywa kahawa kikombe kimoja, wakashukuru, wakaondoka wasije wakamchosha mwenyeji. Kwa Mjerumani hiyo ni adabu. Kwa mjomba, anayenyanyuka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, ameitupa baraka yenyewe. Na Luwam, kwa kuwa ndiye anayeposwa, alikuwa jikoni na mdomo wake umefungwa na mila.

"Vua koti," alimwambia Filmon. "Hili niachie mimi."

Akatoa simu, akamwandikia Heike: "Mama mchungaji, mliondoka mapema. Rudini, na safari hii msinyanyuke."

Heike alicheka, kisha akaona haya. Jioni akarudi na wazee wake. Vikombe vitatu vikaisha. Mwishowe mjomba akauliza lililokuwa likimkereketa hasa.

"Na mkimchoka? Nimwoze mtoto wangu kwa mtu anayeishi kwa huruma?"

"Ingekuwa huruma tungeshaichoka, mzee," Heike akasema. "Kuomba hifadhi ni haki yake, na hatutoki mlangoni pake mpaka kesi yake isikilizwe. Hata hapa hatutoki. Tuongezee cha nne."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake simu ya Filmon ikalia.

"Kijana, mkwe ndiye huja kwangu. Wewe huwezi, na mimi miguu ninayo. Fungua geti."

Akaingia na jiko, buni, ngoma na nusu ya Waeritrea wa mji, akina mama wakipiga vigelegele. Mbele ya wote akatamka kwamba Luwam ni wa Filmon. Filmon akalia bila kujificha. Mjomba akauliza kama harusi ingoje uamuzi wa serikali.

"Tungoje nini, mjomba?" Luwam akasema, furaha imemjaa usoni. "Kanisa lipo, mchungaji yupo, na bwana harusi hana pa kukimbilia."