Simu Yenye Viua vya Bibi

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Nusaiba alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeiweza nyumbani kama yeye. Alikaa mkekani kando ya mama yake, akashika simu usawa wa macho ya mama, na kila kioo kilipotaka kuzimika alikigusa kwa kidole. Mama yake, Bi Rahila, alitazama picha kwenye simu, akatia sindano, akatazama tena. Alikuwa akishona kofia ya viua, zile kofia nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo wanawake wengi wa Pemba huzishona kwa mkono.

"Hebu panua hapo ukingoni," mama alisema.

Nusaiba alitanua vidole viwili juu ya kioo, picha ikakua.

"Hapo hapo. Ni viua vitatu au vinne?"

"Vinne, mama. Kimoja kimejificha chini ya jani."

"Mungu akuwekee macho hayo mpaka uzeeni."

Nyumba yao ilikuwa Jadida, mjini Wete. Baba yake Nusaiba alikuwa Tanga kikazi, kwa hiyo hiyo ndiyo simu pekee iliyokuwepo nyumbani. Picha zilizokuwemo ndani yake zilikuwa nakshi za Bi Kazija, bibi yake Nusaiba, aliyefariki mwaka uliopita. Bibi alizibuni nakshi zake kichwani, hakuwahi kuzichora popote. Kila kofia ilipomalizika ilipigwa picha, kisha ikaenda kwa mwenyewe. Kofia zilikuwa zimetawanyika kwenye vichwa vya watu hadi Unguja na Mombasa. Nyumbani zilibaki picha tu, na kwa picha hizo mama aliendesha maisha yao.

Wiki ile alishona kofia ya bwana harusi, mtoto wa Mzee Othman wa Chake Chake. Nakshi yake bibi aliiita Karafuu Mbichi. Mzee Othman mwenyewe aliivaa nakshi hiyo siku alipooa, na sasa alitaka mwanawe aivae.

Simu ilikuwa ya zamani. Siku moja programu ambayo wateja waliitumia kuleta ujumbe ilitoa tangazo: mwisho wa mwezi haitafanya kazi tena kwenye simu zenye mfumo wa zamani.

"Tuipandishe mfumo mpya leo leo, mama!" Nusaiba alisema.

Mama alinyoosha kofia mbele yake. "Unaona hiki kiua? Uzi wangu umekaribia kwisha, lakini siungi uzi mpya hapa katikati. Nikiunga hapa, fundo litaonekana. Nakimaliza kwanza, ndipo naunga. Simu nayo tutaishughulikia kofia ya watu ikishatoka. Mwezi bado mrefu."

Nusaiba hakufurahi. Chuoni, walikosoma Kurani, rafiki yake Laila alikuwa akimtania kila siku.

"Nusaiba, simu yenu bado ina uhai?" Laila aliuliza mbele ya wenzao. "Nadhani Nabii Nuhu aliipakia kwenye safina, ilikaa karibu na tembo!"

Wasichana wote walicheka. Nusaiba alicheka pia, lakini moyoni alichomwa.

Kesho yake mama alivaa buibui, akachukua daftari lake na kwenda darasani. Alipokuwa mdogo aliacha skuli mapema, na sasa alisoma darasa la jioni la watu wazima, kwenye skuli iliyokuwa jirani. Kabla ya kutoka aliiweka simu kwenye chaji.

"Baba yako akipiga, pokea. Vinginevyo iache ijae."

Haukupita muda, simu ililia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi la wazazi wa chuo, nao ulikuwa umepokewa kutoka kwingine na kusambazwa:

"Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu zangu katika imani, simu zote zenye mfumo wa zamani zitafungwa usiku wa leo. Bonyeza hapa upate mfumo mpya bure. Watumie watu kumi, Mwenyezi Mungu atakulipa."

Nusaiba alisoma mstari wa kwanza na moyo wake ukatulia. Ujumbe ulioanza kwa jina la Mungu, tena uliotoka kwenye kundi la chuo, ungewezaje kuwa na ubaya? Aliwatumia watu kumi, wa kwanza akiwa Laila. Kisha akabonyeza. Simu ikaleta maandishi mengi na neno "Endelea" chini yake. Hakuyasoma. Yeye hakuwa na desturi ya kusoma maandishi ya simu, alitafuta neno la chini tu. Akabonyeza "Endelea". Faili likaingia, kisha ukafunguka ukurasa uliomtaka aandike jina, namba ya simu na namba ya siri ya pesa.

Namba ya siri hakuijua. Akaichomoa simu na kukimbia skuli.

"Hodi! Shikamooni!" alisema mlangoni huku akihema.

"Marahaba," wanawake walijibu. Wengine walikuwa na umri wa mama yake, wengine wa bibi yake. Mwalimu Asma alikuwa amesimama ubaoni na chaki mkononi.

"Mama, nipe namba ya siri ya pesa, upesi! Simu inafungwa leo!"

Bi Nyange, muuza mikate ya kumimina, alipiga makofi. "Lahaula! Wezi wa siku hizi wanatoa na shikamoo!"

Kicheko kikajaa darasani. Mama yake Nusaiba hakucheka, wala hakumkemea mtoto. Alinyoosha mkono. "Nipe nisome."

Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, kama alivyofundishwa, akaanza kusoma taratibu huku midomo ikimcheza. Nusaiba alihisi miguu ikimwasha. Yeye angekwishausoma mara tano! Mama alifika mwisho, kisha akarudi tena mwanzo.

"Mwalimu," alisema, "huyu mtu mbona hakusema yeye ni nani?"

Mwalimu Asma aliichukua simu na kuutazama ujumbe. Badala ya kujibu, alifuta ubao na kuuandika wote, neno kwa neno, kisha akamrudishia mama simu. "Mabibi, hili ndilo somo letu la leo. Tusome polepole. Mwenye swali asimame."

Wakasoma kwa pamoja. Bi Nyange ndiye aliyesimama mwanzo.

"Mgeni akija kwangu hubisha hodi, akatoa salamu, akasema mimi fulani bin fulani. Huyu kaingia na Bismillahi yake mpaka jikoni, na jina hana!"

"Tena ana haraka," alisema mwanamke mmoja aliyempakata mtoto. "Ati usiku wa leo. Anatukimbiza tuende wapi?"

"Nami nina swali," mama alisema. "Namba ya siri ya pesa inapandishaje mfumo wa simu?"

Hapo hakuna aliyecheka.

"Lakini Mwalimu, imeanza na Bismillahi," Nusaiba alisema kwa sauti ndogo.

"Bismillahi ni maneno matukufu, mwanangu," Mwalimu Asma alimjibu. "Lakini mwizi naye ana mkono wa kuyaandika. Anajua kwamba sisi tukiyaona tunalegea, ndiyo maana ameyaweka mbele. Mungu ametupa akili tuitumie. Kuuliza swali si kukosa imani."

Nusaiba aliinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua alichokifanya kabla ya kufika pale. Lakini alimwona mama ameikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili, akakumbuka kilichokuwemo.

"Mama, mimi nimekwisha kubonyeza. Kuna faili limeingia. Na nimewatumia watu kumi."

"Astaghfirullah," mama alinong'ona. Alifungua picha. Nakshi ya kwanza ikatokea, na ya pili, na Karafuu Mbichi. Zilikuwa zimekamilika zote. Machozi yakamtoka. "Alhamdulillah. Alhamdulillah, Mola wangu."

Mwalimu Asma aliikata simu kwenye mtandao, akalitafuta lile faili na kulifuta, kisha akairudisha mtandaoni. "Lilikuwa bado halijafunguliwa, wala namba ya siri hukuandika. Mungu amekustiri. Lakini wapo watu kumi walioamini ujumbe huu kwa sababu umetoka kwako."

Nusaiba alielewa. Pale pale aliwaandikia wote kwamba ujumbe ule ni wa uongo na wasiubonyeze, na chini akaweka jina lake. Mama mwenyewe akaliandikia lile kundi la wazazi onyo fupi, akalisoma mara mbili kabla ya kulituma. Laila hakujibu, kwa hiyo Nusaiba alikwenda kwao kwa miguu. Alimkuta kibarazani akimsubiri kaka yake arudi na simu.

"Kumbe safina yenu imetoboka!" Laila alisema baada ya kusikia yote. "Ungekaa kimya, nani angejua?"

"Angejua Mungu. Na wewe ungekuja kujua, simu ya kaka yako ikishaharibika."

Laila aliukamata mkono wa rafiki yake. "Ahsante kwa kuja. Sitaitania tena simu yenu. Kwa wiki hii."

Kofia ilimalizika. Mzee Othman alikuja kuichukua mwenyewe. Aliigeuza geuza mikononi, akapitisha kidole kwenye viua, akasema tu, "Huu ni mkono wa Bi Kazija. Mungu amrehemu." Mama alijibu "Amin" na kugeuka upande ili kufuta macho.

Sasa wakati wa simu ulikuwa umefika. Kwanza mama alikwenda kwa Ridha, fundi wa simu wa pale mjini, akamuuliza kama simu za aina yake hukubali mfumo mpya bila matatizo.

"Mfumo huo ulipotoka mwanzoni ulikuwa unamaliza chaji," Ridha alisema. "Watengenezaji wamekwisha kuurekebisha. Ukingojea kidogo, Bi Rahila, wenye haraka wanakuonyesha makosa yapo wapi."

Kisha picha zote za nakshi zikanakiliwa kwenye memori kadi, na nakala nyingine kwenye kompyuta ya skuli. Mama hakutosheka kuambiwa kwamba zimeingia. Alitaka zifunguliwe moja moja azione kwa macho yake. Zilipofunguka zote, waliondoa kwenye simu video za vichekesho alizozijaza Nusaiba, ili nafasi ipatikane.

Jumamosi walikwenda skuli, kwa sababu palikuwa na waifai isiyokatika katika. Simu ilikuwa imejaa chaji na bado ilichomekwa ukutani. Hawakubonyeza kiungo cha mtu yeyote. Waliingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, na huko wakaukuta mfumo mpya unawasubiri.

"Soma," mama alisema. "Kwa sauti. Yote."

Nusaiba alisoma kila mstari. Simu ilisema itazimika na kuwaka tena, na wasiizime ikiwa kazini. Mama akatikisa kichwa kukubali. "Sasa tumejua. Bismillahi, bonyeza."

Kioo kikawa cheusi. Muda ukapita, kikabaki cheusi. Nusaiba alinyoosha kidole kutaka kukigusa, mama akakishika kidole hicho na kukizuia mkononi mwake. Bi Nyange, aliyekuja kushuhudia, alikuwa akivuta tasbihi. Hatimaye simu ikatoa mwanga, ikalia kwa sauti mpya.

Walifungua picha. Nakshi za bibi zilikuwemo. Walifungua ujumbe wa wateja, ukafanya kazi. Walimpigia baba Tanga, akapokea. Bi Nyange akapiga vigelegele kana kwamba amezaliwa mtoto, na mama akaelekea kibla na kusujudu sijda ya kushukuru pale pale sakafuni.

Jioni ile walirudi mkekani kwao. Mama alitunga uzi kwenye sindano, akamtazama binti yake.

"Nilikuwa naona haya, Nusaiba. Wewe unasoma kama maji, mimi nakokota neno moja moja. Siku ile darasani nikamshukuru Mungu kwa kuwa nakokota, maana niliyaona uliyoyaruka. Wepesi wako wa kusoma ni neema, usiuache. Lakini kabla ya kubonyeza, ujue umekubali nini, na nani amekuomba. Namshukuru Mungu pia kwamba ulisema kweli ulipoweza kunyamaza. Simu ingenunuliwa nyingine. Nakshi za bibi yako, na mtoto mkweli, ningevipata wapi tena?"

Nusaiba alimbusu mama yake mkono, akafungua nakshi mpya na kuinua simu usawa wa macho yake.

"Haya," mama alisema. "Ukingoni hapo, viua vitatu au vinne?"

Nusaiba alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga. Aliipanua picha.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Nitazame vizuri."