Ndoo Tatu za Maji Uani

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, Macho alipita uani kuikagua saladi ya mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna kilichompita. Mama alipanda saladi bila udongo. Miche ilikaa kwenye matundu ya mabomba ya plastiki, na mizizi ilining'inia ndani ya maji yenye mbolea yaliyotoka kwenye pipa na kurudi humo humo.

Jumatatu moja alichomoa mche, akakunja pua. Mizizi iliyokuwa myeupe kama uzi sasa ilikuwa ya kahawia, inateleza kama kamasi, na ilinuka mtaro.

"Kuna mtu ameyachezea maji haya," alijisemea.

Na mtu mwenyewe alishampata. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu binamu yake, binti wa mjomba, aje kukaa nao ili asome shule ya jirani. Alikuwa bado anangoja nafasi, hivyo mchana alibaki nyumbani. Hakuwa msemaji. Kwa Macho, mtu asiyesema ana lake jambo.

Jumanne aliporudi kutoka shuleni, alikuta ndoo tatu za maji zimepangwa uani bila vifuniko.

"Za nini hizi?"

"Nimeambiwa niziache mpaka kesho," binamu alijibu huku akifagia.

"Na nani?"

"Na shangazi."

"Mama yuko kazini tangu asubuhi. Usinifanye mtoto."

Jumatano alfajiri Macho alichungulia dirishani. Binamu alikuwa anamimina ndoo zile pipani, kisha akaongeza kitu kutoka kwenye chupa, majimaji ya rangi ya matope. Mama alikuwa jikoni, hatua chache tu, lakini Macho hakumuuliza. Alitaka aiokoe saladi kwanza, asifiwe baadaye. Uani kulipobaki bila mtu, alichukua klorini ya kusafishia choo, aliyosikia kuwa huua kila uchafu, akamimina kikombe kizima ndani ya pipa.

Kesho yake jioni alikuja bwana shamba. Aliinama juu ya pipa, akanusa.

"Mama, hapa kuna klorini. Ile chupa niliyokuletea Jumatatu ilikuwa na bakteria wazuri. Wanakaa kwenye mizizi na kuwanyima nafasi wale wanaoiozesha. Ndiyo maana nilisema mkate mizizi iliyooza, na maji ya bomba yakae wazi siku nzima ili klorini yake ipungue kwanza. Sasa mmewaua wote."

Mama alimgeukia binamu. "Kazi hii nilikukabidhi wewe."

"Nilifanya kama ulivyosema, shangazi."

"Basi klorini ilitoka chooni kwa miguu yake?"

Binamu aliinamisha kichwa.

"Kesho nampigia baba yako simu aje akuchukue. Kama pipa la maji limekushinda, shuleni nitakupeleka kwa imani gani?"

Macho alimtazama binamu yake. Alitegemea abishe, amtaje mtu, alie. Binamu alikuwa amesimama tu, anakunja na kukunjua pindo la gauni lake. Macho alisogea mbele ya mama yake.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Klorini niliweka mimi. Nilidhani anatutilia sumu."

"Sumu?" binamu aliuliza taratibu. "Na hiyo saladi siili mimi?"

Bwana shamba alikohoa kuficha kicheko. Mama hakucheka.

Macho aliomba radhi mbele ya wote. Bwana shamba alileta chupa nyingine, nao wakaliosha pipa na kulihamishia kivulini, kwa kuwa maji yakipata joto mizizi huoza upesi. Safari hii Macho alibeba ndoo, binamu akashika chupa. Miche sita haikupona. Iliyobaki, siku ya tisa, ilikuwa imechomoza vijizizi vyeupe.

Jioni hiyo mama alikuwa anapinda sare mpya ya binamu. Akamwita Macho.

"Mungu amekupa macho makali, nami namshukuru. Ila mdomo pia amekupa, na hukuutumia kuuliza. Ulimhukumu mwenzako kwa sababu ni mpole. Ungenyamaza siku ile, sare hii nisingeishona, na wewe ungekuwa unakula saladi yako kwa amani huku unajua. Hilo la kusema 'ni mimi', mwanangu, ndilo lililoponya nyumba hii. Haya, nishikie uzi."