Mafuta Yapi kwa Moyo Uliochoka?

Seremala alikuwa mtu mnene na mcheshi. Zamani randa yake ilisikika kutwa nzima. Sasa alisukuma mara tatu tu, kisha akakaa juu ya mbao akitafuta pumzi. Miguu ilimvimba hata viatu vikamkataa.

Hospitalini alilazwa wiki nzima.

"Moyo wako umechoka kusukuma damu," daktari alimwambia. "Ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Meza dawa kila siku. Punguza chumvi, punguza unene, na uangalie mafuta."

Mkewe alishika neno moja tu: mafuta. Walipofika nyumbani, aliondoa mafuta yote jikoni. Kila chakula kikawa cha kuchemsha kwa maji matupu.

"Mama watoto, hiki ni chakula au adhabu?" seremala alitania.

Mkewe hakucheka. Alikuwa anaogopa kuwa mjane.

Siku moja alimpelekea dawa karakanani. Akamkuta ameinamia kifurushi cha viazi na ngozi ya kuku ya kukaanga, midomo inang'aa. Mke akaketi palepale kwenye maranda.

"Unataka kufa, baba watoto?"

"Sitaki," alijibu kwa sauti ndogo. "Nina njaa."

Mke akamwita binti wa jirani, muuguzi wa kliniki. Binti alisikiliza, hakumkaripia mtu.

"Mama, si mafuta yote ni adui. Mwili unayahitaji. Mambo ni mawili: aina na kiasi. Mafuta yanayoganda, nyama nono, ngozi ya kuku, na mafuta yaliyokaangiwa tena na tena, hayo yaacheni. Tumia mafuta ya maji ya mimea, kama alizeti. Usimimine, pima kwa kijiko cha chai. Samaki mpikie mara mbili kwa wiki, asiwe wa kukaanga wala wa chumvi. Na karanga zisizo na chumvi, kiganja kimoja."

"Kiganja hiki?" Seremala alinyoosha mkono mpana kama ubao.

"Cha mama," binti alijibu. "Hata mafuta mazuri yakizidi yananenepesha. Na jipime uzito kila asubuhi, baba. Ukipanda kilo mbili kwa siku chache, hayo ni maji. Njoo upesi."

Haikuwa rahisi. Mara mbili seremala alirudia viazi vyake, na mara zote mbili alikiri mwenyewe. Mkewe alipika samaki kwa nyanya, vitunguu na kijiko chake cha mafuta. Mume akala, akashiba.

Baada ya miezi minne, kilo sita zilikuwa zimepungua. Alikwenda kliniki kwa miguu, akapumzika mara moja tu. Muuguzi alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu.

"Moyo bado ni mgonjwa, baba. Dawa usiache. Lakini maji kifuani yamekwisha."

Mke aliomba aambiwe tena. Akaambiwa tena.

Nje, seremala alimshika mkono.

"Twende polepole, mama watoto," alisema. "Sina haraka tena ya kuondoka."