Chakula Kiko Bwawani

Kila Jumapili ukoo wa Bi Eudelia Zamarripa huenda kwenye msitu wa jiji la San Antonio. Hubeba nyama, maharage, chapati za mahindi ziitwazo tortilla, na viti kumi na vinne. Huwasha jiko asubuhi, huketi, huondoka jioni.

Mwaka jana sukari ya Bi Eudelia ilipanda, ingawa alikuwa akimeza vidonge. Daktari alimwambia, "Endelea na vidonge, na utembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Nitapima tena baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, tutaanza sindano."

Bi Eudelia anaogopa sindano kuliko nyoka.

Jumapili iliyofuata, binti yake Maricruz alimwonyesha njia iliyoingia msituni.

"Mama, twende kidogo."

"Wapi? Hiyo ni njia ya wenye mbwa na viatu vya mazoezi vya rangi. Kutembea bila safari ni kazi ya asiye na kazi. Na nani atageuza nyama?"

"Si Baba yupo?"

"Baba yako huunguza hata maji."

Heriberto, mlinzi wa msitu, alikuwa akipita. Alicheka; habari za sukari alishazisikia kwa Maricruz. Naye alitoka jimbo la Jalisco, ng'ambo ya mpaka, kama wao.

"Bi Eudelia, kwenu hukuwahi kuhiji kanisa la San Juan kwa miguu?"

"Siku nne nzima, tukiimba."

"Kwa viatu gani?"

"Vya shule."

"Basi viatu vya kawaida vinatosha, mradi visikubane. Njia hii ni ya kila mtu. Kukaa kivulini kunatuliza moyo, lakini misuli ikifanya kazi ndiyo hutumia sukari. Tembea mwendo wa kuweza kuongea, lakini si wa kuweza kuimba."

"Na nikifika, nifanye nini?"

"Ule. Bwawani kuna jiko na meza. Dakika ishirini kwa miguu. Gari halifiki."

Wiki iliyofuata Maricruz alitangaza: chakula kitaliwa bwawani.

"Na viti?" aliuliza mzee Nazario, mume wa Bi Eudelia.

"Anayetaka kiti akibebe."

Vilifika viti viwili. Wengine walikaa kwenye mikeka.

Heriberto alionya kwamba Jumapili pekee haitoshi. Kwa hiyo Bi Eudelia aliwakusanya majirani watatu, wakawa wanatembea siku nne nyingine baada ya kazi, wakisengenya njia nzima.

Miezi mitatu ilipita. Daktari alisoma kipimo mara mbili.

"Imeshuka. Endelea na vidonge. Sindano haihitajiki sasa. Umefanyaje, mama?"

"Nimekuwa nikienda kula mbali, daktari."