Alama Tisini na Saba

Sentensi ya saba ilijibiwa kabla haijasomwa.

"Tano," alisema mdogo wake, macho ukutani.

Dada mtu alishusha karatasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: katika chumba kidogo cha chuo, aliwapima watu wanavyojitenga na wenzao, kwa hojaji ya sentensi ishirini. Napenda kula peke yangu. Wageni wananichosha. Mtu hujibu kwa namba, moja hadi tano, na jumla ndiyo kipimo chake. Alikwisha kuwapima mamia. Leo alikuwa anampima mdogo wake sebuleni, mchana kweupe, kwa sababu fundi cherehani huyo alikuwa na miezi minne hajashona hata kifungo, hapokei simu, na kutoka chumbani mpaka abembelezwe. Majirani wakiuliza, dada mtu alikuwa na jibu moja: "Hapendi watu, ndivyo alivyo."

"Haya, tumemaliza," alisema baada ya sentensi ya ishirini.

"Umeruka moja," mdogo wake alinong'ona. "Ninaye mmoja, ananitosha."

Sentensi hiyo haikuwamo.

Kesho yake aliipeleka karatasi kwa mkuu wake wa kazi, mzee mkavu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe. Alama tisini na saba kwa mia. Akaweka kando yake karatasi ya miaka mitatu nyuma, alipompima mdogo wake huyo huyo wakati yeye anajifunza upimaji. Thelathini na sita.

Mzee alivua miwani. "Tabia haipandi kama homa, binti yangu. Mkimya huzeeka na ukimya wake, msemaji na maneno yake. Ulichopima hapa si tabia ya mdogo wako."

"Mimi husema ndivyo alivyo. Ni nini basi?"

"Sijui. Ila usiseme tena ndivyo alivyo."

Alirudi nyumbani mapema, jua likiwa bado utosini, na mlangoni akasikia cherehani. Moyo ukamruka kwa furaha. Akapiga hatua mbili ukumbini, kisha akasimama, kwa maana chini ya mlio wa cherehani kulikuwa na sauti nzito ikizungumza polepole, kama ya mtu anayembembeleza mtoto, na kila ilipotua mdogo wake aliitikia "ndiyo", na harufu ya nywele zilizoungua ikaja kumpokea, na aliposukuma mlango alimwona mdogo wake ameketi kitandani, mikono mapajani, mbali na cherehani, na gurudumu lilikuwa bado linazunguka peke yake, na mapazia ya dirisha yalikuwa yameshonwa pamoja toka juu hadi chini.

Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akaenda kumwita mganga, na njiani akamsimulia yote, hata habari ya hojaji.

Mganga alikuwa mama mnene, mkunga mstaafu, mwenye sauti ya chini. Alinusa hewa ya chumba, akaketi sakafuni na kuomba hojaji.

"Isome," alisema. "Ila usimuulize mdogo wako. Muulize aliyemkalia."

Dada mtu alisoma. "Wageni wananichosha."

Mdomo wa mdogo wake ulifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ile nzito. "Mimi, ndiyo. Wananichosha."

"Na yeye?" mganga aliuliza.

Kitanda kikaanza kutikisika.

"Nakuuliza na yeye."

"Yeye anawapenda," sauti ilisema kwa uchungu. "Angewafuata. Ndiyo maana nimemfungia."

"Umekiri mwenyewe. Basi toka. Hii si nyumba yako, na huyu si wako."

Ikabisha, ikalia, ikabembeleza. Mganga alimshika tu fundi vifundo vya mikono, mpaka uzi wa mapaziani ukaanza kufumuka wenyewe, mshono baada ya mshono, na mwanga ukaingia, na harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango.

Siku ya tatu fundi alikula, akaoga, akaketi kizingitini akitazama wapita njia. Dada yake akaja kuketi kando yake.

"Kila ulipowaambia majirani ndivyo nilivyo," fundi alisema taratibu, "nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakuita, dada, kwa sauti yangu yote."

Dada mtu alimgeukia. "Na yeye?"

"Alikuwa anakushukuru."